Hakuacha, Alifukuzwa

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza dada yetu, mimi ndiye mdogo wake anayemfuata. Haya ni maisha yake kwa kifupi. Ni kwa kifupi kwa amri yake mwenyewe, maana maneno mengi yalimkera.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1950, kifungua mimba katika watoto wanne wa fundi viatu, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, mtaa wa nyuma ya stesheni ya reli. Mama alizoea kusema kwamba mtoto huyo alianza kulalamika kabla hajaoshwa.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapohapo mtaani, na mwaka 1969 akaingia chuo kikuu kusomea historia, binti wa kwanza wa mtaa wetu kufika huko. Baba alifurahi hata akampima mguu na kumshonea viatu vyeusi vya mahafali miaka mitatu kabla ya wakati. Akaviweka rafuni, na ole wako uviguse.

Chuoni hapo maktaba ilikuwa na mlango mkubwa na dirisha dogo. Mlango ulikuwa wa wanafunzi weupe, wakaingia, wakaketi mezani, wakasoma. Wanafunzi weusi walisimama koridoni kwenye dirisha, wakataja kitabu, wakaletewa kama kipo, wakaondoka nacho. Marehemu aliandika barua tatu kwa uongozi, akajibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Lilishughulikiwa miaka miwili.

Jumatatu tarehe 9 Oktoba 1972, wiki tano kabla ya mtihani wa mwisho, aliwaongoza wenzake thelathini na mmoja kupita mlangoni. Hakutaka kelele wala kuvunja kitu. "Tumekuja kusoma, kwa hiyo someni," aliwaambia. "Nitakayemkuta anasinzia nitamtoa mwenyewe kabla ya polisi." Lakini naye alikuwa na haraka ya kupata kiti, akachomoa kitabu cha kwanza kilichomjia mkononi, akaketi, akafungua. Lahaula! Magonjwa ya kuku. Angeinuka kukibadilisha, askari wa chuo wangechukua kiti chake. Basi kwa siku nne alisoma magonjwa ya kuku mwanzo hadi mwisho, mara mbili. Wengi wenu hapa mmewahi kumletea kuku anayekohoa mkidhani alisomea mifugo. Leo mjue.

Siku ya nne polisi waliwatoa, wengine wakibebwa na viti vyao. Mkuu wa chuo akawapa karatasi wasaini kwamba wameacha masomo kwa hiari, ili kesi isiwepo. Wengi walisaini, maana nyumbani kulikuwa na watu wanaowategemea. Hakuwalaumu hata siku moja, na wawili wao wameketi nasi leo. Yeye alirudisha karatasi. "Mimi siachi," alisema. "Nifukuzeni, halafu andikeni kwamba mmenifukuza." Wakamfukuza, na kwenye daftari la chuo wakaandika: Aliacha masomo kwa hiari yake. Mwaka uliofuata dirisha lile lilizibwa kwa matofali na wote wakapita mlangoni, lakini yeye hakuwepo.

Alirudi nyumbani na sanduku kichwani. Baba akamuuliza, "Mwanangu, umeacha chuo?" Akajibu, "Baba, usilitumie neno hilo. Ni la kwao." Baba akavifuta vumbi vile viatu na kuvirudisha rafuni.

Kuanzia Februari 1973 hadi alipostaafu mwaka 2005, alifanya kazi ya kusahihisha prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, katika kiwanda cha uchapaji. Alikaa kwenye meza ndogo kando ya mtambo, kalamu nyekundu sikioni, na wafanyakazi wakampa jina la Bi Mkato, kwa kuwa alikuwa radhi kusimamisha mtambo kwa ajili ya mkato. Msimamizi alimpigia kelele siku moja, "Bibi wee, mkato mmoja tu!" Akamjibu, "Na wewe ni mtu mmoja tu, lakini tukikuruka utalalamika."

Fundi wa mtambo aliyesimamishwa mara nyingi kuliko wote ndiye aliyemchumbia. Alimwandikia barua, kwa kuwa ana kwa ana alishindwa. Barua ilirudi na masahihisho mawili ya wino mwekundu, na chini yake: "Sawa. Chapa." Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977, na bibi harusi alivaa viatu vyeusi vya baba. Walijaliwa binti na mwana.

Mwaka 2016 chuo kilimwandikia kwamba kinataka kumpa shahada ya heshima. Alijibu kwamba warekebishe kwanza ule mstari wa daftari. Wakasema kumbukumbu za zamani hazibadilishwi. Barua zilikwenda na kurudi miaka saba. Nakiri mbele yenu, mimi nilichoka. Nilimwambia, "Dada, chukua shahada yaishe." Akaketi kuandika barua nyingine.

Februari 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alimuuguza kwa mikono yake. Wodini aliniagiza niandike wasifu huu angali hai, ili aupitie. Nikaandika, nikampelekea, na nilikuwa nimeandika hivi: Mwaka 1972 aliacha masomo. Miaka hamsini, na mimi mdogo wake nimeandika hivyo! Aliitazama karatasi, akanitazama mimi. "Hata wewe?" Akalikata neno kwa wino mwekundu mpaka karatasi ikachanika. Niliona aibu, na bado naiona.

Kesho yake nilipanda basi hadi chuoni na karatasi ile iliyochanika, nikaketi ofisini kwa msajili. Ni binti mweusi kama sisi, umri wa kuwa mjukuu wangu. Alisoma miaka minne katika maktaba ile bila kujua kwamba ule mlango una kisa. Nikamsimulia yote, na kuku wakiwemo. Akacheka, kisha akalia, akasema ataona la kufanya.

Baada ya wiki tatu ilifika barua na nakala ya ukurasa wa daftari. Mstari wa zamani umekatwa, na juu yake pameandikwa kwa mkono, pana sahihi na muhuri: Alifukzwa. Binti yake muuguzi alimsomea kwa sauti huku machozi yanamtoka. Marehemu akaomba aione mwenyewe, akaomba na kalamu. Mkono ulikuwa dhaifu, tukamshikia ubao wa kuandikia. Akaichomeka u iliyosahaulika. "Sawa," akasema. "Chapa."

Alifariki Jumamosi tarehe 17 Juni 2023, siku mbili baadaye, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watano, dada zetu wawili na mimi. Hapo neno ni sahihi: ametuacha.

Apumzike sasa, kalamu ameiweka chini. Mkiona kosa kwenye karatasi mlizoshika, ni langu peke yangu. Mwisho huu hakuupitia.