Kilio cha Mama Katika Banda la Video

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana mnayemwona amesimama hapa ni mtu aliyewahi kumtafuta mfu ndani ya televisheni.

Mimi ni mzaliwa wa Kisegi. Baba alitutoka mapema, mama akatulea wawili, mimi na mdogo wangu Ouma, kwa shamba la mtama na kuanika omena, vile visamaki vya ziwani. Mama yetu ni Msabato wa kweli. Ijumaa jua likielekea kuzama, nyumba imefagiwa, chakula kimepikwa, na wewe uwe umeoga. Tulipokua, miaka ya tisini ikiwa bado michanga, shamba halikututosha. Tukasikia habari za Masara kule Migori, kwamba watu wanachimba dhahabu na wanakula. Mama akatuombea, tukaenda.

Masara tulichimba kwa mitalimbo na tochi. Jioni hakukuwa na kitu cha kutuliza mwili ila banda la Marwa, Mkuria mmoja mpole aliyetoka upande wa mpakani. Lilikuwa banda la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, ndani benchi, televisheni na deki, nje jenereta inakohoa. Marwa alikuwa na kanda za makauboi, basi. Wanaume wa kofia pana na makoti marefu ya vumbi, macho yao yakijaza skrini nzima, na wanazungumza midomo ikiwa imeshafungwa lakini sauti bado inakuja. Ouma alizipenda kupita kiasi! Alitoka pale akitembea amepanua miguu kama mtu aliyeshuka farasi, na maskini hakuwahi kupanda hata punda. Machimbo yote yalimcheka, yalimpenda.

Ndugu zangu, mvua za masika zikaja. Siku ile nilikuwa juu navuta ndoo, Ouma yuko chini na wenzake. Nikasikia mngurumo chini ya miguu yangu, halafu kamba ikawa nyepesi mikononi. Maji yalikuwa yamepasua ukuta kutoka shimo la zamani la jirani. Wenzake wakatoka, mmoja baada ya mwingine, matope mpaka kwenye meno. Nikawa nahesabu vichwa. Ouma hakutoka.

Tuliyavuta yale maji kwa pampu mpaka mafuta yakaisha, na mvua ikarudisha yote. Ukuta wa chini ukaporomoka. Wakasema haiwezekani tena. Kule nyumbani wazee wa ukoo wakafanya kama wanavyofanya mtu akipotea bila mwili: wakatafuta tunda la yago, lile refu la mti wa mwegea, wakalifunika, wakalizika kaburini kama mtu. Nilikwenda, nikasimama pale. Watu wanalia, mama analia, mimi nalitazama tunda. Sikutoa chozi. Moyoni nilisema, hili si ndugu yangu. Kisha nikarudi Masara.

Nikaacha kazi. Nikahamia kwenye banda la Marwa.

Kulikuwa na kanda moja. Mtu anapigwa risasi, adui zake wanamfukia kwa mawe, wanaondoka wakicheka. Unakaa, unangoja. Halafu mbali kabisa, kwenye joto linalotetema, kinaonekana kitu cheusi. Kinakaribia. Ni yeye! Uso mweupe kwa vumbi, lakini ni yeye, anatembea! Hapo ndipo nilipovuta pumzi. Ikiisha namwambia Marwa, "Rudisha." Anarudisha. "Rudisha tena."

"Ndugu, kanda itakatika," Marwa akaniambia siku moja.

"Irudishe tu."

Alinionea huruma, akaniachia. Nilikaa mle mchana kutwa, nje jua, ndani giza. Nilikonda. Nikaacha kunyoa, nikaacha kuimba, nikaacha kuomba. Nimwombe nini Mungu, ilhali kwenye kanda mtu anafufuka kila nikitaka? Watu wakasema nimeingiwa na pepo. Sijui kama lilikuwa pepo. Najua tu kwamba nilipofumba macho nilisikia kamba ikiwa nyepesi.

Mvua zikakatika, maji yakashuka shimoni. Nikaanza kuwaza: yule wa kwenye kanda alikuwa peke yake, hakuna aliyekwenda kumfukua. Ouma ana kaka. Nikatafuta kamba na tochi. Sikumwambia mtu. Nikapanga niitazame ile kanda mara ya mwisho, kisha nishuke. Kamba nikaiweka chini ya benchi.

Na ni hapo, ndugu zangu, Mungu alipomleta mama!

Alikuwa ametoka Kisegi alfajiri, akabadilisha magari mpaka Migori, akauliza njia mpaka Masara, kwa kuwa mchimbaji mmoja wa kwetu alimwambia mwanao aliyebaki naye anakwisha. Gunia la mlangoni likainuliwa, mwanga ukatupiga machoni. Wanaume wakanung'unika. Mama, na kitambaa chake cheupe kichwani, ambaye maisha yake yote hajawahi kutia mguu mahali pa sinema, akapapasa gizani mpaka akanipata. Nilidhani atanivuta nje. Akaketi. Akanishika mkono, akatazama.

Kiingereza hakijui. Alitazama watu tu. Mtu wa kwanza akaanguka kutoka kwenye farasi. Mama akauliza kwa Kijaluo, "Huyu amekufa?"

"Amekufa, mama."

"Mbona hakuna anayepiga yowe?"

Akaanguka wa pili, wa tatu. Mama akawa anageuza shingo kama anatafuta kitu pembeni ya skrini. "Mama zao wako wapi? Nani ataenda kuwaambia mama zao?" Vijana wawili wakacheka. Kisha wakaacha.

Ikafika ile sehemu ya mawe. Mimi nikainama mbele, nikingoja. Mama hakungoja. Aliona kijana anafukiwa, hajaoshwa, hana ndugu, hana wimbo, na watu wanaenda zao. Akasimama katikati ya banda, mikono kichwani.

"Uwii! Ouma wuoda! Ouma mwanangu!"

Ndugu zangu, sijasikia sauti kama ile! Marwa akazima deki. Hakuna aliyemwambia aketi. Wachimbaji wote mle walimjua Ouma, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemlilia, maana kule mtu akifa shimoni kesho mnashuka shimo lingine. Mmoja akaanza kulia, mtu mzima mwenye ndevu. Na mimi, niliyekuwa mkavu kama jiwe tangu mvua, kitu kikapasuka kifuani, nikaanguka miguuni pa mama nikalia kama mtoto mchanga.

Alipoinama kuniinua, ndipo mkono wake ukaigusa ile kamba chini ya benchi.

"Nyathina, mtoto wangu, hii kamba ya nini?"

"Ya kushukia, mama. Nikamtoe."

Akaniwekea mkono kichwani. Kisha akasema polepole, "Mimi ndiye niliyemzaa. Nimemzika. Kama kuna wa kukataa kuzika, ningekuwa mimi. Alipolala Mungu anapajua. Usinifanye nitafute yago la pili."

Akaniombea papo hapo, kati ya mabenchi, na Marwa ameshika kofia yake mkononi. Tukaondoka pamoja siku hiyo hiyo.

Wiki haikupita, habari ikatufikia Kisegi: ardhi ya pale shimoni ilititia mchana, ikajifunga kabisa. Ningekuwa bado ndani, nikimfukua. Bwana asifiwe! Lakini niliposikia sikushangilia, ndugu zangu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa, kwa sababu sasa mdogo wangu alikuwa amefunikwa kweli.

Sisemi kwamba maumivu yameisha. Ningekuwa nawadanganya madhabahuni. Mvua kubwa ikipiga mabati hapa Homa Bay, silali. Lakini naomba, naimba, nafanya kazi, na mama yangu ana mwana wa kumpelekea maji. Namshukuru Mungu aliyeniokoa bila kunirudishia nilichokitaka.

Na wewe uliye na mtu ziwani, au shimoni, au aliyesafiri asirudi, na ukaambiwa ukilia huna imani: usikubali. Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa rafiki yake, na alikuwa anajua atakachofanya. Mtegemee yeye, mpe hata hilo jina usiloweza kulitamka. Njoo mbele. Hatutakuharakisha. Tutakaa na wewe, nawe umlilie mtu wako.