Siku Niliyofunga Madirisha Rangi Ikiwa Mbichi

Akina mama wa chama, na nyinyi wanaume watatu mliojificha nyuma karibu na birika la chai, nawasalimu. Mwenyekiti amenipa dakika kumi. Mnanijua, nitajaribu kumaliza kabla ya mvua ya Novemba.

Nimekuja kuwaambia jinsi nilivyokaribia kumuua mtoto wangu kwa rangi ya nyumba. Sitataja jina la mtu. Waliokuwepo wanajijua, na mmoja anatazama viatu vyake sasa hivi.

Mnakumbuka kifungua mimba wangu alipoletewa ntheo, wale mbuzi ambao wakwe huleta ndipo msichana ahesabiwe ameolewa. Wiki moja kabla, wifi yangu alisimama sebuleni kwangu akazitazama kuta za simiti kana kwamba zimemtukana.

"Wifi, wakwe waketi hapa? Watafikiri wameingizwa stoo ya mahindi."

"Sasa nipake rangi gani?"

"Ya mafuta. Ile inang'aa mpaka mtu anajiona meno."

Ndugu zangu, nawaambia, kiburi kilinipanda kichwani kama pombe ya muratina. Fundi akaja, akafungua mkebe. Harufu ile, ng'ombe wa jirani walisahau kutoa maziwa. Halafu akamimina petroli ndani na kukoroga kwa kijiti.

"Fundi, hiyo si ya pikipiki?"

"Ya kulainisha, mama. Rangi ni rangi. Mimi nilianza kupaka kabla wewe hujajua kusoma."

Hapo alinichoma. Nyote mnajua nilisoma ngumbaru, darasa la jioni, nikiwa na watoto wanne, na cheti changu kiko kwenye fremu kubwa kuliko mlango wa kanisa. Basi msomi mimi nikanuna, nikanyamaza. Mkebe uko pale, umeandikwa mgongo mzima, na sikuusoma.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mnajua vumbi letu la kiangazi. Upepo wa saa nane hubeba shamba zima la hapa kwetu Mwala na kulitua ndani ya sufuria yako. Rangi ya mafuta ikiwa mbichi, vumbi likiigusa halitoki tena. Kwa hivyo nilifanya vile sisi sote hufanya: nilifunga madirisha, nikaziba nyufa kwa magunia, nikasukuma tambara chini ya mlango. Nani hapa hajawahi? Ainue mkono. Nilijua.

Kitinda mimba wangu ni msichana wa miaka saba, ana kifua tangu azaliwe. Chumba chake na sebule vinatenganishwa na pazia tu. Akalala humo. Asubuhi nilipoenda kumwamsha aende shule, nilimkuta ameketi kitandani, mabega yanapanda na kushuka, midomo rangi ya majivu. Alitaka kusema "mama" akashindwa.

Mimi huongeza chumvi, mnajua. Hapo sijaongeza.

Hospitalini muuguzi alimvalisha puani na mdomoni kifuniko cha mvuke wa dawa, kisha akaninusa nguo.

"Mama, mnapaka rangi nyumbani?"

"Ndiyo."

"Madirisha?"

"Tumefunga. Vumbi."

Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma. Alisema, "Vumbi lingemfanya akohoe. Lakini hewa ya rangi na petroli imembana njia ya pumzi, na mkamfungia ndani nayo."

Siku ya pili mtoto alitulia, akaitisha chapati. Nikakimbia nyumbani kumletea nguo. Nani nawakuta sebuleni? Fundi anafungua mkebe mwingine, wifi anasimamia.

Nikauchukua ule mkebe, nikaketi chini, nikasoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno, kama darasani. Herufi ndogo kama mayai ya chawa. Zinasema paka mahali hewa inapita. Zinasema weka mbali na watoto. Zinasema usimwage kwenye maji.

"Fundi, funika."

"Mama, ukuta uko nusu. Wakwe ni Jumamosi."

"Funika."

Wifi akaruka. "Utatuaibisha. Watu watasema nini?"

"Watasema ukuta uko nusu. Waseme. Nikimzika mtoto, watakuja kusifu ukuta?"

Fundi akabeba brashi zake kwenda kuzisafishia mtoni, penye visima vya mchanga tunakochota maji. Nikamzuia pia. Akazipangusa kwa magazeti huku akinung'unika. Nikang'oa magunia, nikafungua kila kitu kinachofunguka, na mtoto aliporuhusiwa kutoka hospitalini, jirani akakaa naye kwake mpaka harufu ikaisha.

Jumamosi ukuta ulikuwa kama mgongo wa fisi, nusu umepakwa, nusu simiti, vumbi limeganda juu. Mama mmoja wa wakwe akamnong'oneza mwenzake, "Hii nyumba iliwashinda." Masikio yangu ni ya sungura. Nikasimama na sinia la pilau mkononi.

"Haikutushinda, mama. Tuliiacha, kwa sababu rangi hii ilimkosesha pumzi mdogo wa huyu msichana mnayemtaka. Kama mlikuja kuona ukuta, mbuzi wenu wako pale nje. Kama mlikuja kwa watu, naweni mikono."

Wifi alikuwa anatafuta shimo la kuingia. Mzee wao akakunja mikono ya shati, akasema, "Lete pilau."

Baadaye tulipaka upya, rangi ya maji, ile isiyo na harufu kali wala madini ya risasi. Niliuliza dukani mpaka muuzaji akachoka, na mgongo wa mkebe nikausoma mwenyewe. Tulipaka asubuhi kabla ya upepo, madirisha wazi, leso zilizoloweshwa zikining'inia kunasa vumbi. Fundi alikuwa yule yule. Aliniambia amekuwa akikohoa kila jioni kwa miaka, akidhani ni uzee. Siku hizi akiingia kwa mtu huuliza kwanza, "Nani ana kifua humu?"

Namshukuru yule muuguzi. Namshukuru jirani yangu, na mwalimu wangu wa ngumbaru aliyenivumilia nikisinzia. Hata wifi namshukuru, maana ndiye aliyefua mashuka ya mtoto mara tatu bila kuambiwa.

Somo langu ni fupi. Soma mkebe, fungua dirisha, na mgeni akipenda ukuta wako kuliko mtoto wako, mwambie aoe ukuta.