Sufuria ya Kondo Isiyotakiwa Kuchemka

Kijiwe cha kahawa cha Kondo, pale Kimamba karibu na reli, kimeshamaliza mambo mengi kuliko Bunge. Mwaka ule wa ubinafsishaji kilikuwa kimeshaamua nani kauziwa shamba la mkonge, nani kala, na nani kaambulia kunusa. Lakini asubuhi hiyo kijiwe kilikuwa kikavu. Kondo ana jiko moja tu, na juu yake birika halikuwepo. Ilikuwepo sufuria ya maji, ndani ya maji chupa ya jamu iliyokazwa kifuniko, na ndani ya chupa dawa ya majimaji na kipande cha kioo kisichofika ukubwa wa kiberiti.

Kioo kilikuwa cha Perpetua, binti wa marehemu dada yake Kondo, aliyekuja likizo kutoka chuo kikuu. Alimweleza mjomba wake taratibu: ile dawa ya chupani ina zinki, na maji yakikaa moto bila kuchemka mpaka alasiri, juu ya kioo vitaota vijiti vidogo mno, vimesimama kama mpunga shambani, ila jicho haliwezi kuviona. Kwa vioo hivyo anataka kutengeneza sola ya bei nafuu. Mwalimu wake alishasema bila tanuru la umeme haiwezekani, na asipomwonyesha kitu Jumatatu, utafiti anapewa mwingine. Kisha Perpetua akaenda Kilosa kukata tiketi, akamwachia mjomba ulinzi wa moto. Kondo alikubali kwa fahari, na tangu akubali moyo haukutulia, maana ng'ambo ya reli Magreti alikuwa anauza chai kwa kila mwenye kiu.

— Zinki ndiyo ile ya bati, alisema Deo, fundi baiskeli. Leo wanaotesha, kesho watapita kukwangua mapaa yetu.

— Mapaa kitu gani, alisema mzee Lupakisyo, aliyestaafishwa reli kabla hajataka. Mkonge wameuza. Reli iko njiani. Kimebaki nini hakina mwenyewe? Jua. Hicho kioo ni cha kulipimia. Wakishalipima, utaanika mahindi kwa leseni.

Deo hakukubali kuzidiwa. Akasema basi wenye vipara watatozwa zaidi, kwa kuwa wanapokea jua jingi kuliko wenzao. Lupakisyo akajipapasa kichwa, akavaa kofia.

— Kondo, umepigwa changa la macho, akasema mzee. Kitu kisichoonekana, utajuaje kimeota?

Kondo akachungulia maji ya sufuria. Swali hilo alikuwa amejiuliza tangu alfajiri, na lilimtisha kweli.

Deo akachota makaa kiganjani.

— Tuchochee, viote upesi, watu tunywe kahawa.

Kondo akamdaka mkono.

— Yakichemka, kazi ya mtoto imekufa.

— Sasa sisi wateja wako tufe kiu?

— Huyu mtoto tangu mama yake afe hajawahi kuniomba kitu, Deo. Leo kaniomba moto mdogo. Nitamnyima?

Deo akarudisha makaa, akajifuta kiganja kwenye suruali, akasema basi yeye anakwenda kwa Magreti. Alishasimama. Kondo akainamia jiko, akapunguza kaa moja, asione mteja wake akiondoka.

Kabla Deo hajapiga hatua, akafika Sapit, mfugaji kutoka Msowero, vumbi limempanda mpaka magotini. Akampa mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba, akauliza kama kahawa ipo.

Kondo akashika kikombe, akakirudisha. Akisema hakuna, mgeni huyo naye anavuka reli. Akisema ipo, sufuria inashuka.

Lupakisyo akasogea kwenye benchi, akampisha.

— Kaa, kijana. Bado inaota.

Sapit akakaa. Akaitazama sufuria, akawatazama wazee kwa vijana walioizunguka na vikombe vitupu.

— Inaota nini?

Mzee akamtazama Deo. Deo akatazama ng'ambo ya reli, kisha akavuta kigoda chake karibu na jiko, akaketi.

— Hatujui, akasema. Ila hayo makaa usiyaguse.