Sauti ya Stesheni na Meno Yaliyolala Kikombeni

Kwa jina la Mungu, aliyempa kila kiumbe sauti yake na kumwachia mwanadamu kazi ya kuitunza, tunawasalimu ninyi nyote mliokusanyika: Mkuu wa Stesheni, wazee wa reli, akina mama wa sokoni, wasafiri mlio njiani na ninyi mnaosubiri. Amani iwe nanyi.

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, Papa Médard Lukusa, mtangazaji wa stesheni ya Kamina, atazima maikrofoni baada ya utumishi wa miaka thelathini na minane. Kwa muda huo wote, hakuna msafiri aliyepanda treni hapa kwetu bila kwanza kuambiwa naye apande. Wapo waliozaliwa baada ya yeye kuanza kazi, wakasafiri kwenda shule kwa sauti yake, wakarudi na wake zao kwa sauti yake, na leo wanawapeleka watoto wao kwa sauti ileile.

Alianza mwaka 1987 akiwa kijana mwembamba kutoka Kasai, mbandikaji wa lebo katika ofisi ya mizigo. Kipawa chake kiligunduliwa siku ambayo kipaza sauti kiliharibika na mbuzi wa abiria mmoja akakata kamba. Médard alimwita mwenye mbuzi kutoka ghala hadi ng'ambo ya reli. Mwenye mbuzi alikuja, na mbuzi mwenyewe akasimama. Mwezi haukuisha kabla hajapewa maikrofoni. Tangu hapo ametangaza kwa Kiswahili, Kiluba, Kiluba cha Kasai na Kifaransa, na mara nyingine ametangaza mambo ambayo hayamo katika kanuni za kazi. Aliwahi kumwomba bwana arusi mmoja wa Base, kambi ya jeshi iliyo jirani, ashuke haraka kwenye behewa la mwisho, kwa kuwa bibi arusi alikuwa amekwisha kushuka kwenye behewa la kwanza na alikuwa anakasirika.

Miaka ya 1992 na 1993 ilikuwa migumu, nasi tutaitaja kwa heshima na kwa ufupi. Stesheni ilijaa familia za watu wa Kasai waliofukuzwa mkoani kwetu, zikilala juu ya mizigo yao, na kila saa uvumi mpya wa treni uliwainua watu bure. Papa Médard aliwatangazia ndugu zake mwenyewe treni iliyowaondoa, kisha akarudi kitini. Ndipo alipojiwekea sheria moja: hatatangaza treni yoyote kabla ya kuiona kwa macho yake na kujua inachukua nani. Hakuivunja sheria hiyo hata mara moja. Kwa hiyo watu wa Kamina nao walijiwekea sheria yao: treni ambayo Médard hajaitangaza, haipo, hata ikiwa imesimama mbele yao na inapiga honi.

Sasa tufike kwenye meno. Tungeyapita kimya kwa adabu, lakini mstaafu mwenyewe ametuagiza tuyaeleze wazi, ili mwingine asiteseke kama yeye.

Miaka kadhaa iliyopita Papa Médard alitengenezewa Lubumbashi meno ya bandia ya taya la juu. Yalikuwa meno mazuri kupita yale aliyopewa na Muumba, na Mungu atusamehe kwa kulinganisha. Herufi zake zilirudi zikiwa zimenyooka. Lakini treni zetu hazina saa, na mara nyingi aliamshwa usiku aende kazini. Akaona kwamba mtangazaji aliye kazini hapaswi kukutwa bila meno, kama vile askari wa Base hapaswi kukutwa bila buti. Akawa analala nayo. Hakuyavua usiku, hakuyavua mchana, na kuyasugua aliyasugua yakiwa mumo humo kinywani.

Pamoja na meno kulikuwa na chai. Mama Denise, anayeuza chai na mikate karibu na lango, alikuwa na kipimo cha watu wote na kipimo cha Papa Médard. Kipimo cha Papa Médard kilikifanya kijiko kisimame wima. Aliamini kwamba sukari hulainisha koo, na alikunywa chai hiyo kabla ya tangazo, baada ya tangazo, na treni ilipochelewa alikunywa kwa ajili ya subira. Koo lilipokwaruza alinunua sokoni vidonge vya antibiotiki, viwili leo na vitatu kesho, bila kumwuliza mganga yeyote.

Msimu wa mvua wa mwaka juzi kinywa chake kilianza kuwaka. Ulimi ulipata utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, pembe za midomo zikapasuka, na bukari, ugali wetu, yenye pilipili, aliyokuwa akiila huku akiimba, ikamtoa machozi. Sauti ikawa nzito, kisha ikawa fupi. Alitangaza treni ya Kabongo kana kwamba ameweka kaa la moto mdomoni. Ndugu Kapenda wa kikosi cha njia ya reli alimshauri asukutue kwa lutuku, pombe ile kali ya kupikwa nyumbani, ili moto uue moto. Papa Médard alijaribu. Kapenda yumo humu ukumbini, na kwa kuwa siku ya leo ni ya furaha, hatutasema zaidi.

Ni Mama Jeannine, mke wake, aliyemshika mkono na kumpeleka zahanati kwa muuguzi Talitha. Talitha alimwambia avue meno. Chini yake ufizi na paa la kinywa vilikuwa vyekundu, kwa umbo lilelile la sahani ya meno, kama kiatu kilichoacha alama udongoni. Akamweleza kwamba ni kuvu, aina ya chachu ambayo huishi katika kinywa cha kila mtu, ikikaa kwa utulivu kama abiria aliyelipa nauli na kubanwa katikati ya wenzake. Lakini yeye alikuwa ameifungulia behewa zima. Vidonge vya sokoni vilivishusha vijidudu vyema vilivyokuwa vikiibana, meno yasiyovuliwa yakaipa chumba chenye joto na unyevu, na chai ikailetea chakula. Ikawaita jamaa zake wote. Alipopima damu alikuta sukari imepanda pia, na hilo, alisema, ndilo lililompa kuvu nguvu kuliko yote.

Dawa ya matone ya kusukutua alipewa, na Talitha alisisitiza kwamba lishe peke yake haiponyi ugonjwa uliokwisha kuota. Lakini dawa nayo haitoshi mtu akiendelea kuulisha. Chai iwe bila sukari, na soda awaachie wageni. Ale samaki wa Kinkondja, maharagwe, sombe ya majani ya muhogo na mchicha wa lengalenga, na bukari aipunguze tonge. Asukutue kwa maji safi baada ya kila mlo. Asinunue tena vidonge kwa kukisia. Arudi kupimwa sukari. Na meno ayavue kila usiku, ayasugue kwa brashi na sabuni laini, ayalaze katika kikombe cha maji safi.

Yote aliyakubali, isipokuwa la mwisho.

“Na treni ikiingia?” aliuliza.

“Iingie tu,” alijibu Talitha. “Papa, viatu unavulaka usiku, ao hapana? Meno nayo uvule. Treni haikuyaka hapa kukuangalia mu kinywa.”

Alirudi nyumbani, akanywa chai chungu kwa uso wa mfiadini, akasukutua kwa utii, na akalala na meno yake. Mama Denise alihuzunika kuliko mgonjwa. “Chef, weye unakunywa chai bila sukari? Bantu batasema minyi njo nakunyima!” alilalamika, akihofia kuambiwa kwamba ndiye anayemnyima, na siku mbili za kwanza alimtilia sukari kidogo kwa siri, kwa huruma, mpaka Mama Jeannine alipokuja kusimama karibu na birika. Kinywa hakikupona. Talitha alipokiangalia tena hakukasirika. Alichukua meno, akayaweka katika kikombe cha enameli chenye kifuniko, akampa Mama Jeannine awe mlinzi, na kuamuru kwamba kwa juma zima yasirudi kinywani, usiku wala mchana.

Papa Médard alijifungia ndani. Alisema kazi yake imekwisha, na kwamba mtangazaji asiye na meno ni kengele iliyojazwa matambara. Mkuu wa Stesheni alimweka Mama Sephora wa dirisha la tiketi kwenye maikrofoni. Sephora ana sauti safi, na Kifaransa chake kingeweza kuvaliwa kanisani.

Katikati ya juma hilo, asubuhi kweupe, treni iliingia kutoka Kabongo. Mbele ilikuwa na mabehewa ya mizigo, na yale mawili ya abiria yalikuwa nyuma kabisa, yamefichwa na ghala. Ilipaswa kuondoka upesi ili kuacha njia wazi. Sephora alitangaza kwamba inachukua abiria wa Lubumbashi. Hakuna aliyenyanyuka. Alitangaza mara ya pili, kwa lugha zote alizokuwa nazo. Wanawake wenye vikapu vya samaki wa moshi waliokuwa wakisubiri tangu juma lililotangulia walitazama mabehewa ya mizigo, kisha wakatazamana.

“Ule mama anasema muzuri,” alisema mmoja wao, “lakini Papa Médard hayasema bado.”

Samaki wale wasingengoja treni nyingine. Kapenda alipanda baiskeli akaenda mbio kumchukua mgonjwa, labda pia kwa ajili ya kulipia lile deni la lutuku. Papa Médard alifika ameketi nyuma ya baiskeli, kiganja kimefunika mdomo, na Mama Jeannine akiwa nyuma yake juu ya baiskeli ya jirani, kikombe kimefungwa ndani ya kitenge. Mlangoni kwa maikrofoni alisimama. Alinyoosha mkono wa pili apewe kikombe. Mama Jeannine alikishika kwa nguvu.

“Tosha mukono ku kinywa,” alimwambia mbele ya watu wote. “Weye hauko mbuzi ya soko. Hakuna mwenye atakuhesabia meno.”

Honi ya treni ililia. Papa Médard alitoka kwenda kuitazama treni kwa macho yake, kwa kuwa sheria ni sheria. Akahesabu mabehewa mawili ya nyuma, akarudi, akainamia maikrofoni, akasema. Hatutadanganya: herufi S ilitoka kama upepo wa tairi lililochomwa na msumari, na neno Lubumbashi lilikuwa laini kama uji. Mahali fulani mtoto alicheka. Kisha akasikika mama mmoja mzee aliyekuwa ameketi juu ya kikapu chake.

“Njo yeye,” alisema. “Tusimame.”

Wakasimama wote kwa pamoja, na samaki wakasafiri.

Usiku uleule, hakuna aliyelazimika kumwambia ayaache meno kikombeni. Alikuwa amesikia kwa masikio yake kwamba si kwa sababu ya meno watu walimwamini. Baada ya majuma machache ulimi ulikuwa safi, pembe za midomo zimefunga, na sukari ya damu ilianza kushuka polepole, kama treni inayofunga breki kwenye mteremko. Anapoamshwa usiku husukutua, huyavaa, na kwenda. Ikiwa hakuna nafasi, huenda bila, na abiria hufahamu kwamba treni ina haraka. Mama Denise sasa ana birika mbili, na ile isiyo na sukari huisha kwanza, ingawa yeye husema ni kwa sababu ni ndogo.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililomnyima mstaafu utulivu miezi hii yote ya mwisho: nani ataaminiwa baada yake? Hajatuomba saa ya ukutani wala kiti cha kupumzikia. Aliomba tu kwamba Mama Sephora akubali sheria yake. Kwa hiyo tangu Pasaka amekuwa akitoka naye kwenda kuitazama kila treni, bega kwa bega, na kila mara yeye husema nusu ya tangazo na Sephora humalizia. Wasafiri wamezoea kusimama katikati ya sentensi. Ijumaa, kwa treni ya mwisho ya utumishi wake, ataitazama, atakaa kimya, na Sephora atasema yote. Tunawasihi, ndugu wasafiri na akina mama wenye vikapu: mkisikia, simameni. Hiyo ndiyo zawadi anayoitaka.

Nasi wafanyakazi wenzake tumemwongezea nyingine ndogo: kikombe kipya cha enameli, cha buluu, chenye kifuniko. Tunajua kitakapokaa.

Papa Médard, asante kwa kila treni uliyotuambia ukweli juu yake, na hasa kwa zile ulizokataa kutuambia. Maisha yako ya mapumziko yawe mema, usingizi wako usikatizwe na honi, na chai yako, ingawa chungu, iwe ya moto daima. Mama Jeannine, Mungu akulipe kwa kulinda kikombe. Na wewe unayesikiliza, Bwana aibariki nyumba yako, meza yako na vinywa vyote vinavyokula hapo, vyenye meno na vile ambavyo meno yake yamelala. Amina.

Mzee Urbain Mulongo
Ofisi ya Mizigo, Stesheni ya Kamina