Jamaa Mmoja wa Mpendae

Baada ya alasiri, baraza ya Mkunazini hukaliwa kwa mpango uleule: Bakar, waliyemwita Redio, karibu na birika la muuza kahawa, Ridhwan, mshona kanzu waliyempa jina la Kadhi, penye kivuli, na Himid mwisho, kwenye kona. Siku ile Himid alikunywa vikombe viwili bila kugusa kashata. Kesho yake asubuhi mkewe, Khairat, alitakiwa hospitali, akaondolewe chembe hai zilizoanza kubadilika kwenye mlango wa kizazi. Daktari alisema si saratani bado, lakini zikiachwa zinaweza kuwa. Khairat alikuwa anangoja neno la mumewe, aende au asiende. Barazani Himid alisema anamuulizia jamaa mmoja wa Mpendae.

Aliwaeleza kama alivyoelezwa. Ndani ya kila chembe mna nyuzi za urithi, zimezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Juu ya histoni hukaa vialama vya kikemikali, vingine huukaza uzi, vingine huulegeza. Watafiti wamechukua chembe za mke wa jamaa wakazitazame alama hizo; huenda siku moja zikaonesha mabadiliko yepi yataishia kwenye saratani na yepi yatajiondokea. Jamaa anaona bora angoje majibu ya alama.

— Kama bobini ya cherehani, alisema Kadhi. Angoje. Mie sikati kitambaa kabla sijauona uzi.

— Na hizo alama kazitia nani? aliuliza Redio.

Alijijibu mwenyewe. Alianza na minara ya simu, akahamia kwenye kuku wa barafu, akafika kwenye nasaba: alama zitakuwa za ukoo wa mwanamke, zimeshuka tokea kwa bibi zake.

— Jamaa yako angepeleleza kabla ya kuoa, yakhe.

— Ukoo haumo, alisema Himid. Daktari kataja kirusi.

— Kirusi hicho kinapita wapi?

— Baina ya mume na mke.

— Basi apelelezwe yeye huyo jamaa.

Redio alicheka peke yake. Himid alikigeuzageuza kikombe kitupu. Kadhi alimtazama, kisha akainamisha macho kwenye viatu vyake mwenyewe. Redio alikuwa keshafika mbali: alama zifutwe kwa habasoda na asali siku arubaini, zikikataa zipelekwe Bombay, huko kuna mashine inazisoma kwa taa.

Hamad, shemeji yake Redio, alikuwa ameingia mjini siku ile kutoka Tumbatu. Alikuwa amekaa nyuma ya shemeji yake; sasa akasogea mbele.

— Samahanini, wazee wangu. Huyo mwanamke mwenyewe anaogopa nini?

Kadhi alisema, taratibu, kwamba hilo alijuaye ni jamaa.

Wote wakamgeukia Himid. Kule hospitali aliuliza habari za histoni mpaka daktari akamchorea. Khairat alikaa kando yake, mkoba magotini, akiutazama mchoro. Njia nzima ya kurudi Himid alizungumza juu ya nyuzi, na mkewe akawa anaitikia, naam, naam.

— Sijui, alisema Himid. Sijamuuliza.

Hakuna aliyemkumbusha kwamba ni mke wa jamaa. Alinyanyuka arudi kwa Khairat, akatafuta viatu vyake, na Kadhi akasogeza miguu ampishe.