Violeth Pius, na Kosa Ambalo Mama Yake Hakulitenda

Ndugu waombolezaji, naitwa Athanas, baba mkubwa wa marehemu, nimetumwa na familia kuwasomea historia yake, kazi ambayo nilitamani apewe mwingine.

Marehemu Violeth alizaliwa tarehe 9 Machi 2021 hapa Dar es Salaam, akiwa mtoto wa kwanza wa mdogo wangu Pius na mkewe Evarista, wauza viatu vya mitumba pale sokoni Mchikichini, akabatizwa mwezi Mei mwaka huo huo. Alipofikisha miezi minne alianza kushikwa na degedege, shingo ikawa haikazi, na sisi, badala ya kukimbilia hospitali, tuliitisha kikao cha ukoo humu humu ndani, Magomeni, mimi nikiwa mwenyekiti, tukamkalisha mama yake katikati na kumtaka ataje dawa aliyokunywa ili kuitoa mimba. Alijibu, "Shemeji, sikunywa kitu." Hatukumwamini, Pius hakumtetea, na Evarista akarudi kwao Masasi na mtoto mgongoni.

Kwa upande wa elimu, marehemu hakujaaliwa kusoma, kazi hakufanya, ndoa wala watoto hakupata, ila sauti ya mama yake aliijua, na kila akiisikia alicheka.

Mwaka jana Evarista alimrudisha mjini kwa matibabu, akafikia kwa jirani yetu Bi Kuruthumu, si kwetu, na kipimo cha picha ya kichwa kilipotoka, daktari alituita sote. Alitueleza kwamba seli za ubongo wa mtoto huzaliwa ndani kabisa, kisha hupanda kwenda juu na kujipanga tabaka kwa tabaka, zinazozaliwa baadaye zikizipita zilizotangulia, na kwamba sehemu kubwa ya safari hiyo hufanyika kuanzia mwezi wa tatu wa mimba, lakini za Violeth ziliishia njiani, kwa hitilafu aliyokuwa nayo tangu mimba yake ilipotungwa, si dawa wala laana. Nilikumbuka kuwa miezi ile Evarista alikuwa akibeba viroba vya viatu kutwa nzima, kwa sababu sisi tulisema mimba si ugonjwa, nikauliza kama ni vile viroba, daktari akasema hapana, nikashusha pumzi, kisha nikaona aibu, maana Evarista tangu siku ya kikao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia kuwa kosa si lake.

Marehemu aliugua nimonia, akafariki dunia tarehe 2 Juni 2025, mikononi mwa mama yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyabiashara wenzetu wa Mchikichini, na wewe Bi Kuruthumu, uliyewapa chumba ambacho ilitupasa tuwape sisi. Evarista, kosa halikuwa lako, tunalisema mbele ya watu kwa kuwa tulikushtaki mbele ya watu, toka huko nyuma ulikoketi na majirani, uje ukae mbele, nafasi ya mfiwa ni yako, na usipotaka kuja, tutaelewa.

Violeth, mwanangu, wewe pumzika kwa amani.