Binti wa Ghala la Chumvi

Benchi lenyewe lilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, kati ya kibanda cha kinyozi na kwa fundi wa pancha, na suruali za wanaume zilikuwa zimeusugua miaka nenda miaka rudi hadi ukang'aa kuliko siku ulipopakwa vanishi. Jioni, kazi zikishalala, walikaa hapo walewale. Alikuwepo Mwenyekiti, tarishi mstaafu ambaye hakuna aliyekumbuka alichaguliwa lini wala na nani. Alikuwepo Dokta, fundi redio, aliyepewa jina hilo kwa sababu husoma zile karatasi za ndani ya pakiti za vidonge mpaka nukta ya mwisho. Alikuwepo Methali, kinyozi, mwenye msemo kwa kila jambo, ingawa msemo na jambo havijawahi kukutana. Wa nne alikuwa Baridi, fundi wa mafriji. Jioni hii Baridi alikuja na mkoba wa zana begani na simu mkononi, akakaa ncha ya benchi kama abiria asiye na hakika ya kituo chake. Mkewe alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma. Watoto wake wawili walikuwa hawali chakula cha jioni. Na dada yake mkubwa, anayeishi mji mwingine, alisema atapiga simu leo kusikia neno moja tu: aje kesho awachukue watoto moja kwa moja, au asije.

— Jana je, waligusa? Mwenyekiti aliuliza, hata kahawa haijamiminwa.

— Hawakugusa.

— Ulipika nini?

— Wali na maharage.

— Maharage yaliiva?

— Yaliiva, Mwenyekiti. Ya juzi ndiyo yalikuwa kokoto.

— Na asubuhi?

— Asubuhi wanakunywa chai, mkate wanakula. Shuleni mkubwa anakula kidogo. Tatizo ni jioni. Jua likizama tu, wanakaa mezani wameinamisha vichwa kama wanasubiri hukumu. Yule mdogo suruali inamvuka, nimemtobolea mkanda tundu jingine.

— Waache, alisema Methali, akikung'uta nywele za mteja wa mwisho kwenye magoti yake. Debe tupu haliachi kutika. Tumbo likikaa tupu litapiga kelele lenyewe, watakula.

— Hilo debe linahusiana nini na tumbo? Dokta alimuuliza.

— Debe si chombo? Tumbo si chombo?

— Kaka, wewe nyoa vichwa tu. Vilivyomo ndani viachie wengine.

Walicheka kidogo. Baridi naye alicheka, kwa sababu mtu akikaa kijiweni asipocheka anaulizwa anaumwa nini. Kisha akawaambia lile alilokuwa akilizungusha kichwani wiki nzima.

Marehemu mkewe alikuwa mtu wa riwaya. Hizi nene, za kuazima na za mitumba, zenye migongo iliyopasuka. Hakuzisoma kwa mtihani wala kwa kazi. Alizisoma kama mtu anavyokula embe, kwa utamu wake. Na kwa kuwa siku haikumwachia nafasi nyingine, alisomea jikoni. Kitabu alikiegemeza kwenye kopo la sukari, mikono imejaa unga, ukurasa akaufunua kwa kiwiko. Binti yao wa miaka minane alichambua mchele. Mdogo, wa miaka minne, alipewa punje moja ya kitunguu saumu aimenye, na punje hiyo ilimtosha jioni nzima. Mama akisoma, wao wanasikiliza. Hadithi ilikuwa ya binti aliyefungiwa ndani ya ghala la chumvi, na kaka yake anamtafuta nchi kwa nchi. Kila chakula kikipakuliwa, kijiko cha kwanza wanamlia yule binti wa ghalani, kwa kuwa yeye hana wa kumpelekea. Ndipo wanakula chao.

— Mimi haya yote nimeambiwa na binti yangu baada ya mazishi, alisema Baridi. Kwamba mama alipoanza kuumwa, kaka mtu ndiyo kwanza amefika kwenye mlango wa ghala. Mkono uko kwenye komeo.

— Halafu?

— Hakuna halafu. Ndipo alipolazwa. Sasa nikiwapakulia, mkubwa ananiambia, Baba, yule bado yuko ndani. Hajala. Sisi tutakulaje?

Muuza kahawa aliacha birika hewani kidogo kabla ya kumimina.

— Hilo jepesi, alisema Mwenyekiti. Chukua kitabu, wasomee ulipobakia.

— Nilikichukua. Kilikuwa juu ya kabati, kina njiti ya kiberiti katikati. Nikasimama jikoni, nikasoma kwa sauti mpaka vitunguu vikaungua. Mwenyekiti, kitabu kile kinahusu ndugu wawili wanaogombea nyumba ya baba yao. Mawakili, hakimu, mashahidi. Yule mdogo akasema, siyo hiyo. Dada yake akaniangalia kama unavyomwangalia mgeni aliyekosea nyumba, hutaki kumwaibisha.

— Ulikosea kitabu.

— Nimesoma vyote vilivyomo ndani. Mimi, ambaye tangu niache shule kitabu changu ni kile cha waya za kompresa. Hakuna chumvi, hakuna ghala, hakuna komeo. Alikuwa hawasomei. Macho yalikuwa kwenye ukurasa, anajisomea yake. Mdomoni anatoa nyingine, anaitunga palepale.

Dokta akakataa.

— Haiwezekani. Ubongo una laini moja. Huwezi kupokea na kurusha kwa wakati mmoja, hata redio haiwezi.

— Mke wangu anakaanga, anabembeleza mtoto, na bado ananiuliza jana nilikuwa wapi, alisema Mwenyekiti. Laini moja ni ya kwako wewe.

— Basi ni gundi.

— Gundi ipi tena?

— Ya vitabu. Nimesoma mahali. Gundi ya vitabu vya zamani inatengenezwa kwa mifupa. Ukiiweka karibu na mvuke wa chakula, inatoa harufu, mtoto anapata hamu ya kula. Siyo hadithi iliyokuwa inawalisha, ni ile harufu. Baridi, leo weka kitabu juu ya sufuria, kifuniko nusu.

— Kitaloa.

— Kiloe. Kitabu na mtoto, bora kipi?

Mwenyekiti alikohoa, kikohozi kile cha kufungua kikao.

— Mimi nilikaa maofisini miaka thelathini, nimebeba bahasha nyingi. Nakuambieni, vitabu vinachapwa aina mbili. Jalada moja, namba moja, ndani tofauti. Kimoja cha wanawake, kingine cha kwetu. Ukikifungua wewe mwanamume unakutana na mawakili. Mpe mwanamke akifungue, utaliona ghala. Mbona wao wanasoma wanalia, sisi tukisoma kilekile tunasinzia?

— Kitabu ni kilekile, Mwenyekiti. Chenye mafuta ya vidole vyake.

— Ndivyo wanavyotaka uamini.

Baridi hakubisha zaidi. Aliwajua; walikuwa wanamtafutia mlango kila mmoja kwa ukuta wake, na mtu anayekupapasia ukuta gizani humgombezi kwa kukukanyaga. Alikunywa kahawa. Simu ilikuwa kwenye paja lake, kioo kikiangalia juu.

— Lakini hamna akili nyote, alisema Methali. Mlango si huu hapa? Ufungue. Sema, kaka akavuta komeo, akaingia, wakakumbatiana, wakala, wakashiba, mwisho. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Niliufungua. Juzi.

— Enhe.

— Nikasema, kaka akafungua, akaingia. Binti yangu akauliza, ndani kulikuwa na nini? Nikasema chumvi. Akasema, chumvi iliisha zamani, Baba, aliilamba yote wakati wa kiangazi. Sikujua. Nikasema, basi dada yake alikuwepo amekaa. Akaniuliza, alikuwa bado haoni, au macho yalikuwa yamerudi? Sikujua kwamba haoni. Nikasema yamerudi. Yule mdogo akaanza kulia. Sijui mpaka leo nilikosea wapi. Tukafunga mlango tena, tukalala.

Methali alifungua tena kinywa, kwa nia njema kabisa.

— Watakula tu, ndugu yangu. Si unajua, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na...

Akasita. Neno lililobaki lilimkaa mdomoni kama mfupa wa samaki. Aliinama akaanza kutafuta kitu chini ya benchi, na hakikuwepo.

— Si kitu, alisema Baridi.

— Nisamehe, kaka.

— Nimesema si kitu. Shangazi yao ni mtu mzuri. Ana nyumba kubwa, hana mtoto, anawapenda. Huko watakula. Watoto wanasahau, si ndiyo?

Kijiwe kile kilikuwa na jibu la bei ya saruji, la mvua, la vita vya mbali na la timu iliyofungwa, lakini hapo kila mmoja aliangalia kikombe chake. Baridi alifikiria vitanda viwili vidogo vikiwa vimetandikwa na havina mtu, na friji yake mwenyewe, ambayo hajawahi kuitengeneza, ikinguruma jikoni kwa ajili ya mtu mmoja, na ndani nusu lita ya maziwa. Wakienda hawatarudi. Watakuja likizo, wakubwa kidogo, wenye adabu, wakimwamkia kwa heshima kama anavyoamkiwa ndugu wa mbali.

Dokta alisogea karibu. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na haikuwa na ule ubishi.

— Sikiliza. Nitakuambia kitu, usinicheke. Sauti haifi. Nimefungua redio maisha yangu yote, najua. Inakwenda, inagonga ukuta, inaingia kwenye plasta. Jikoni kwako kumejaa mvuke na mafuta, ukuta wake laini, umenyonya. Miaka yote ile aliyosema mle, imo. Kinachotakiwa ni kipokezi kizuri. Ninayo redio moja dukani, ya zamani, ile yenye taa ndani. Tukiipeleka, tukaweka waya ukutani, usiku pakitulia...

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alitazama mbali. Baridi alijiona kabisa, yeye na Dokta wamepiga magoti karibu na jiko, waya umebandikwa juu ya doa la mafuta, na ndani ya mikwaruzo sauti inasema: kaka akavuta komeo. Kwa muda wa pumzi mbili aliamini. Kisha akaona uso wa Dokta, akaona kwamba Dokta mwenyewe haamini, na kwamba hiyo ndiyo zawadi kubwa aliyokuwa nayo.

— Asante, Dokta, alisema.

Kwenye ncha nyingine ya benchi alikuwa amekaa dereva wa lori, mtu mgeni, akisubiri tairi lake lizibwe. Aliagiza kahawa akanywa bila neno, na walikuwa wamekwisha kumsahau. Sasa aliweka kikombe chini.

— Shikamooni wazee. Samahani, nimesikia bila kualikwa.

— Marahaba. Kijiwe hakina geti, alisema Mwenyekiti. Sema.

— Nataka kuuliza tu. Huyo mama, hiyo hadithi aliisimulia muda mrefu?

— Binti anasema tangu yeye hajaanza shule, alijibu Baridi. Miaka.

— Kila jioni?

— Kila jioni.

— Na jikoni ni palepale ndani ya nyumba?

— Palepale. Ukuta mmoja na sebule.

Dereva alikuna kidevu. Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa anatafuta njia, kama mtu aliyezoea kuuliza barabara.

— Basi angalau vipande utakuwa umevisikia. Wewe jioni ulikuwa unakaa wapi?

Fundi wa pancha alikuwa anagonga ringi kwa nyundo, akaacha. Mwenyekiti alitazama mikono yake. Dokta alivuta miguu yake ndani, polepole, chini ya ule mlango waliokalia, kana kwamba ingewezekana kuwa hakuwepo hapo.

Baridi alijaribu kweli kujibu. Alikumbuka maji ya kunawa, shati safi, harufu ya vitunguu vinavyogeuka rangi. Alikumbuka kwamba, akipita kwenye mlango wa jikoni, kulikuwa na sauti moja inayosema na mbili zinazouliza, na kwamba mara nyingine mkewe aliinua uso na kusema, kaa kidogo basi, hapa pametamu. Naye alikuwa akijibu, nikirudi. Alirudi kila siku. Alikuta sahani yake imefunikwa na watoto wamelala.

— Nimeuliza vibaya? dereva alisema.

— Hapana, alisema Baridi. Umeuliza vizuri.

Lori likawa tayari. Dereva aliwaaga mmoja mmoja kwa mkono, akaondoka akiwa hajui alichokifanya, na vumbi lake halijatua simu ikalia kwenye paja la Baridi.

— Mdogo wangu, alisema dada yake. Wamekula?

— Sijajua bado.

— Sijajua maana yake nini? Nipe huyo mkubwa niongee naye.

— Wako na mama mwenye nyumba. Mimi niko njiani, Dada.

Dada yake alimlea tangu ananyonya kidole. Alijua kila aina ya sauti yake.

— Njiani unatoka wapi?

Dada alingoja jibu. Wote wanne walisikia anavyongoja.

— Basi nakuja kesho asubuhi, alisema mwishowe, bila hasira. Wafungie nguo. Na sweta za mdogo, huku kuna baridi.

— Haya, Dada.

Muuza kahawa alikuwa amekwisha kupindua birika. Lilitoa tone moja na machicha. Alikusanya vikombe, akafika kwa Baridi, akaona chake bado kimejaa, akakiacha. Baridi alishika mkoba wake wa zana, akauweka begani, akawa kama mtu anayenyanyuka. Taa za kwa fundi wa pancha zilizimwa. Bado alikuwa amekaa.